Rivolva ya mninga: shajara ya kazi ya baba na mtoto

Kinachotengenezwa hapa ni rivolva moja ya mbao, ya kuchezea. Nyundo ikivutwa kwa dole gumba, silinda inazunguka sehemu moja ya sita. Triga ikibanwa, nyundo inaanguka na kurusha rababendi, ile mipira ya kufungia noti. Mtutu ni mbao tupu isiyotobolewa, na kazi imepangwa kwa Jumamosi sita, baba na mtoto wa miaka minane au zaidi, karakana ndogo Temeke.

Anayeona kuanza na mbao ni utoto amkumbuke Samuel Colt. Mwaka 1830, akiwa na miaka 16, alipanda meli iitwayo Corvo kwenda Calcutta, na humo ndani akachonga rivolva ya mbao. Mwenyewe alisema wazo lilitokana na usukani wa meli: uuzungushe utakavyo, kila spoki yake hufika mbele ya kizuizi kinachoweza kuishika. Aliporudi Marekani, baba yake, Christopher Colt, ndiye aliyegharamia bunduki na bastola za kwanza za kweli. Bastola ikapasuka ilipofyatuliwa. Hataza ya Marekani ilikuja mwaka 1836. Sisi tunaishia kwenye hatua ya mbao, na spoki tunayo, ila ya baiskeli.

Kipimo cha kazi yote ni mlio. Nyundo ikivutwa taratibu zinatakiwa zisikike sauti mbili: "tik" ya gololi ikizama kwenye kishimo cha silinda, kisha "tak" ya triga ikiingia kwenye pengo la nyundo. Colt ya mwaka 1873 inasifika kwa milio minne. Hii ina miwili, lakini mpangilio wake hauna mjadala. Tik lazima itangulie tak. Ikitangulia tak, maana yake nyundo imeshakaa tayari wakati silinda bado iko njiani. Kwenye bastola ya kweli kosa hilo huiacha chemba kando ya mtutu, risasi ikakwaruza ukingo. Kwenye ya mbao halidhuru kitu, ila mtoto ataligundua kabla ya baba.

JUMAMOSI YA KWANZA: mbao na mchoro

Mninga kwa fremu, mtutu na silinda. Vipande vya kutupwa vya mafundi samani wa Keko vinatosha kabisa. Kinachotafutwa ni kipande kimoja cha 300 × 120 × 10 mm, viwili vya ukubwa huohuo vyenye unene wa 8 mm, na kitalu cha 46 × 46 × 60 mm chenye nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Mpingo kwa mashavu ya mpini, vipande viwili vya 6 mm. Mabaki yapo kwa wachongaji wa Mwenge. Plaiwudi ya 9 mm kwa nyundo na triga, kipande cha ukubwa wa kiganja.

Mninga umechaguliwa kwa sababu hautaniani na unyevu. Hewa ya Dar inavimbisha mbao na kuzisinyaza, na msonobari wa bei rahisi ungebana silinda masika yakianza. Mninga nao unacheza, lakini kidogo.

Nyundo na triga visitengenezwe kwa mninga. Vyote viwili vina sehemu nyembamba inayobeba nguvu, na popote nyuzi za mbao zitakapoikatiza sehemu hiyo, hapo ndipo itakapovunjika. Plaiwudi ina tabaka zinazopishana, haina upande dhaifu.

Mchoro umewekwa kwenye katoni kwanza, ukakatwa, ukashikwa na mkono wa mtoto. Hapo mpini ukapunguzwa 9 mm: dole gumba la mtoto halikuwa linafika kwenye nyundo bila kulegeza vidole vingine. Vipimo vilivyobaki: mtutu 110 mm, silinda urefu 40 mm na kipenyo 42 mm, dirisha la silinda kwenye fremu 41 × 45 mm.

Kwa nini mwanya wa urefu ni 1 mm tu na wa kimo ni 3? Kwa sababu mbao karibu haziongezeki kwa urefu wa nyuzi zake. Zinavimba kwa upana. Nyuzi za silinda zinakwenda mbele na nyuma, kwa hiyo mbele na nyuma panaweza kubana, nusu milimita kila upande. Juu na chini paachwe nafasi.

JUMAMOSI YA PILI: silinda

Siku nzima imekwenda kwenye silinda, na haikupotea.

Kitalu kinatobolewa kikiwa bado mraba. Ukishakifanya duara, jiriwa halina pa kukishika, na ukikilazimisha kinazunguka na biti. Kwanza katikati panatafutwa kwa kuvuta mistari ya kona kwa kona. Kisha bikari inafunguliwa 13 mm na duara linachorwa. Usibadilishe upana wa bikari: weka ncha popote kwenye duara, kata alama, hamia kwenye alama, kata nyingine, na ya sita itarudi ulipoanzia. Nusu kipenyo ya duara ndiyo upande wa pembesita, kwa hiyo hakuna haja ya kupima nyuzi 60. Hii ni kazi ya mtoto. Alama ya sita ikikosa kurudi kwa zaidi ya nusu milimita, bikari imelegea; kaza skrubu yake na uanze upya, usigawanye kosa kati ya alama.

Biti ya kawaida inapoingia kwenye ncha za nyuzi hutangatanga, inafuata nyuzi laini na kuziacha ngumu. Tumia biti ya mbao yenye kidomo katikati, au anza na tundu la 3 mm kisha panua. Matundu sita ya 9 mm yanaacha ukuta wa 4 mm kati yao na 3.5 mm upande wa nje. Ukipanua hadi 10 mm ukuta wa nje unabaki 3 mm, na mninga unapigwa ufa wakati wa kupiga msasa. Tulijaribu kwenye kitalu cha mazoezi, kikapasuka kwenye tundu la tano.

Kina cha matundu ni 25 mm, yasitokee upande wa pili. Zile 15 mm za nyuma zinahitajika kubeba misumari ya kuzungushia, na mtoto hawezi kuingiza kitu kikapita hadi nyuma. Funga utepe wa gundi kwenye biti, 25 mm kutoka kwenye ncha, uache ukiufikia.

Tundu la ekseli ni 6 mm, linapita moja kwa moja. Litoboe kutoka pande zote mbili na yakutane katikati. Ukitoka upande mmoja tu, upotovu wa 1 mm upande wa pili unatosha kuifanya silinda iyumbe kama tairi lenye rimu iliyopinda. Ekseli yenyewe ni nondo laini ya 6 mm, ile ya kutengenezea ringi za nguzo, kipande cha 70 mm. Bolti haifai. Nyuzi zake zinatafuna tundu, na ndani ya wiki mbili silinda inacheza.

Baada ya matundu ndipo kona zinakatwa kwa msumeno, zinaliwa kwa randa ndogo hadi pande kumi na sita, na mwisho silinda inavishwa kwenye nondo iliyofungwa kwenye drili na kuzungushiwa msasa namba 80, kisha 120. Drili inashikwa na baba, msasa na mtoto, uvaliwe kinyago cha vumbi. Vumbi la mninga linawasha pua. La mpingo ni baya zaidi.

JUMAMOSI YA TATU: kidole na gololi

Kidole ni spoki ya baiskeli ya 2 mm iliyokatwa 32 mm, ikapindwa mguu mmoja wa 8 mm. Mguu unaingia kwenye tundu la nyundo. Ncha ya juu inatokea kwenye ukuta wa nyuma wa dirisha na kusukuma misumari sita iliyopigwa mgongoni mwa silinda. Nyundo ikirudi nyuma, kidole kinapanda na kusukuma msumari. Nyundo ikirudi mbele, kidole kinashuka na kujificha chini ya msumari unaofuata. Ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli nyuma yake unakisukuma kisikimbie.

Misumari: ya inchi moja, sita, kwenye duara la nusu kipenyo 9 mm, ikatwe ibaki 3 mm nje, na ukuta wa nyuma wa dirisha uchimbwe kuipisha. Toboa kwanza kwa 1.2 mm la sivyo mninga utapasuka.

Kosa la kwanza lilikuwa umbo la misumari hiyo. Msumari ni mduara, spoki ni mduara, na viduara viwili vikisukumana kimoja huteleza pembeni. Kila mvuto wa tatu au wa nne silinda haikusogea. Dawa ni tupa: ubavu wa chini wa kila msumari unafanywa bapa, na ncha ya spoki nayo inafanywa bapa. Dakika kumi, na tatizo halikurudi.

Kosa la pili ni lile la tak kutangulia. Tundu la kidole kwenye nyundo lilikuwa 9 mm kutoka kwenye pini ya nyundo. Nyundo inazunguka nyuzi 50. Fanya hesabu: mara mbili ya 9, mara sini ya 25, unapata mwendo wa 7.6 mm. Lakini kuusogeza msumari ulio kwenye duara la 9 mm kwa nyuzi 60 kunahitaji 9 mm kamili. Kidole kilikuwa kinaiacha silinda kwenye nyuzi 50, na kishimo cha gololi hakivuti kitu kilicho nyuzi 10 mbali nacho. Tak ilisikika, tik haikuja. Tundu likahamishwa hadi 11 mm, mwendo ukawa 9.3 mm, tik ikaja kwanza. Hiyo 0.3 mm ya ziada inamezwa na unyumbufu wa tyubu.

Anayenakili mradi huu kwa ukubwa tofauti aanzie kwenye hesabu hiyo, si kwenye mchoro. Ukipanua silinda bila kupanua umbali wa kidole, umenunua kosa lilelile.

Gololi: ya ekseli ya mbele ya baiskeli, robo tatu ya ukubwa wa ile ya nyuma. Ya mbele ni 4.8 mm, ya nyuma ni 6.35 mm, na muuza spea asipoulizwa atakupa ya nyuma. Inakaa kwenye tundu la 5 mm kwenye ukuta wa nyuma wa dirisha, ikisukumwa na springi ya kalamu iliyokatwa nusu. Vishimo sita mgongoni mwa silinda viko kwenye duara la nusu kipenyo 15 mm, ili gololi isikutane na misumari. Kila kishimo kina kina cha 1 mm hivi, kimetobolewa kwa biti kubwa iliyozungushwa kwa mkono. Kazi ya mtoto tena, na ifanywe kwa mkono kweli, maana drili ya umeme inazama kabla hujasema basi.

Kisha springi inapimwa. Springi nzima ilikuwa kali mno, dole gumba la mtoto likashindwa. Robo ya springi ililegea mno: kidole kikishuka kilikuwa kinairudisha silinda nyuma pamoja nacho. Nusu ndiyo iliyokubali. Kila kalamu ina springi yake, kwa hiyo kata kidogo kidogo, pete moja moja, ukisikiliza.

JUMAMOSI YA NNE: nyundo na triga

Hapa hakuna springi kuu. Kwenye bastola ya kweli springi ya nyundo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Hapa rababendi yenyewe inafanya kazi hiyo. Mtoto anavuta nyundo, anatundika mpira kwenye pengo la mdomo wa mtutu, anaurudisha hadi nyuma ya kichwa cha nyundo. Triga ikiachia, mpira unaipindua nyundo mbele kisha unachomoka juu yake.

Kichwa cha nyundo kina ngazi ndogo ya kushikia mpira, kina cha 2 mm. Ilijaribiwa 1 mm, mpira ukachomoka wenyewe na kupiga kidole cha mkono. Ilijaribiwa 3 mm, nyundo ikaanguka na mpira ukabaki unaning'inia. Mbili.

Pengo la nyundo, linaloshika triga, ndilo linaloharibu kazi nyingi za aina hii. Uso wake ukiegemea nje, nyundo inateleza yenyewe ukiitikisa. Ukijipinda ndani kama ndoana, triga inakuwa nzito kwa sababu lazima kwanza uivute nyundo nyuma kidogo ndipo itoke. Vuta mstari wa penseli kutoka kwenye pini ya triga hadi kwenye ncha ya triga ikiwa imekaa pengoni. Uso wa pengo uukate mstari huo kwa pembe mraba. Msukumo wa nyundo hapo unaielekea pini, hauizungushi triga upande wowote. Kina cha pengo ni 3 mm mwanzoni, kisha ncha ya triga inapunguzwa kwa tupa hadi ishike 1.5 mm tu. Chini ya 1 mm plaiwudi inalika mapema.

Ukingo wa plaiwudi kwenye pengo na kwenye ncha uloweshwe supagluu, ukauke, upigwe msasa 220, urudiwe. Unakuwa mgumu kama kucha. Pini zote mbili ni msumari wa 4 mm uliokatwa kichwa. Triga inarudishwa na kipande kingine cha tyubu.

Vilainishi: mshumaa pande za nyundo, basi. Mafuta ya cherehani yalijaribiwa. Plaiwudi iliyanywa, ikavimba, na mwanya wa nusu milimita kila upande ukaisha.

JUMAMOSI YA TANO: kuunganisha, mpini, rangi

Tabaka tatu za fremu zinaunganishwa: mashavu mawili ya 8 mm na kiini cha 10 mm chenye nafasi ya nyundo na triga. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, klempu sita, saa 24. Gundi ikifurika ndani ya nafasi ya nyundo ifutwe palepale kwa kijiti chenye kitambaa kibichi. Ikishakauka humo, huifikii tena. Shavu la kushoto lisigandishwe bali lifungwe kwa skrubu nne, la sivyo springi ya gololi ikichoka hakuna mlango wa kuingilia. Hilo la skrubu lingekuwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Halikuwepo.

Mpingo unaua meno ya msumeno na unateleza kwenye gundi kwa mafuta yake. Uso wa kugandishwa ukwaruzwe kwa msasa 80, ufutwe kwa spiriti, na utumie gundi ya tyubu mbili. Ndani ya mashavu ya mpini, kabla hayajafungwa, kila mmoja ameandika jina lake na mwaka kwa penseli. Pasipigwe msasa hapo.

Nje ni mafuta ya linsidi, mikono mitatu, siku moja katikati ya kila mkono. Mafuta ya nazi hayakauki. Yanabaki yananata na kukusanya vumbi. Vitambaa vya linsidi vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja, maana vikirundikwa vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

Usipake nyeusi. Mdomo wa mtutu umepakwa rangi ya machungwa, 20 mm, na mbao iliyobaki ionekane kuwa mbao. Kwa umbali wa barabara, saa za magharibi, hakuna anayesimama kuuliza kama ni mninga. Haipandi daladala, haiendi shule.

JUMAMOSI YA SITA: majaribio

Rababendi zenye kipenyo cha 50 mm zikiwa zimelegea, upana 2 mm. Zikilazwa bapa zina urefu wa 78 mm hivi, na kutoka mdomoni hadi kwenye nyundo ni 190 mm, karibu mara mbili na nusu. Ndogo zaidi ya hapo zinakatika, kubwa zaidi haziruki. Shabaha ni makopo ya soda matupu, na miwani ya kinga inavaliwa na wote, anayesimama pembeni pia.

Mivuto 200 imehesabiwa kwa sauti. Silinda imeruka kishimo mara tatu, zote tatu mtoto alipovuta nyundo kwa kasi: silinda inachukua mwendo na gololi haiwahi kuishika. Bastola za kweli zina kabari inayoingia ubavuni mwa silinda na kuifunga kabisa. Sisi tuna gololi inayoomba tu. Pete mbili zaidi za springi zingeponya hilo lakini dole gumba lingelalamika, kwa hiyo imeachwa hivyo hadi mkono ukue.

Mvua imenyesha siku nne mfululizo kabla ya majaribio. Silinda haikubana, mwanya wa juu umepungua kwa nusu milimita. Triga imekuwa nzito kidogo. Msasa wa 220 mara mbili upande wa kulia, mshumaa, ikarudi.

Rababendi zilizoachwa dirishani juani zimepata nyufa na kukatika zikivutwa. Sasa zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Kilichobaki ni springi moja ya akiba iliyobandikwa kwa utepe ndani ya shavu la skrubu, na ekseli kupakwa nta ya nyuki, kwa sababu nondo imeshaanza kutu upande wa mbele.